Karai la chuma la soko la Mwanjelwa, Mbeya: miezi mitano ya kukaanga zitumbuwa, haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua ndo inayotafutwa kwanza. Nimelinunua shilingi 28,000, mzee anayeyauza alianzia 35,000 tukabishana kidogo, mdomo wake una upana wa sentimita 32 na uzito nililipima kwenye mizani ya jirani anayeuza viazi ikasoma kilo mbili na nusu. Ni la chuma, chini mviringo, mishikio miwili imepigwa ribiti. Nimelitumia miezi mitano, kila Jumamosi asubuhi na hata katikati ya wiki watoto wakiniganda, lilishawahi kunishikia kutu nikalisugua nikalirudisha, kwaiyo naandika nikiwa nalijua vizuri.

Na kazi niliyolinunulia ni moja, zitumbuwa. Kwa asiyezijua, ni ndizi mbivu unaziponda, unachanganya na unga wa mahindi, unachota kwa kijiko unadondosha kwenye mafuta mengi. Ni za Malawi hizo, usizichanganye na vitumbua vyetu vya mchele vya kwenye karai la vishimo, ni ndugu wa jina tu. Huku kwetu zimekuja na watu, Kyela na Karonga ni mto Songwe tu umepita katikati, Wanyakyusa na Wangonde wanasikilizana kabisa lugha na wanaoana tangu zamani, mama yangu mdogo aliolewa Karonga akakaa miaka mingi, aliporudi Kyela akarudi na zitumbuwa zake. Waganda nao wana kabalagala, ile ya ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo, ukila unaona kabisa ni ukoo mmoja.

Sasa shida yangu ilikuwa hii. Mama mdogo alinifundisha kwa macho, kikombe hiki cha unga, ndizi hizi, moto uwe hivi, na kule Kyela jikoni kwake nilikuwa nazitoa vizuri tu, za rangi ya udongo mwekundu, ndani laini zimeiva. Nikipanda nazo Mbeya, kipimo kilekile, unga uleule nimenunua kulekule, nje zinakuwa nyeusi ndani mbichi unaona kabisa unga unang'aa. Nikipunguza moto zinaiva ndani ila zinakunywa mafuta hadi ukibonyeza kwa kidole yanachuruzika. Nimehangaika na hilo zaidi ya mwaka jamani, nimebadilisha unga, nimebadilisha ndizi, nimeongeza ngano, nimepunguza sukari, watoto wanakula kwa heshima tu unaona mtoto kaacha nusu kwenye sahani anakwambia mama nimeshiba.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu wa kiume ambaye anapenda sana hizi habari za sayansi. Akaniuliza dada, Kyela na hapa ni sawa? Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa, mita mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100. Na donge la ndizi ndani yake lina maji kibao, maji yakishaanza kuchemka hapo ndani joto halipandi tena mpaka yaishe, kwaiyo ndani panaiva taratibu kuliko Kyela wakati huku nje mafuta yana moto wake uleule yanaendelea kuunguza. Ndo sababu ileile maharage huku yanamaliza mkaa. Dawa yake ni kukaanga kwa moto mdogo kidogo kuliko wa watu wa pwani, nyuzi nane mpaka kumi pungufu, na kuziacha zikae zaidi kwenye mafuta. Kama mtu wa pwani anakaangia nyuzi 175 mimi wa Isanga, hapa Mbeya, nakaangia 165.

Sawa, nikapunguza moto kama alivyosema, zikanywa mafuta. Hapo ndo tukafika kwenye chombo.

Nilikuwa natumia kikaango chepesi cha chini bapa, kile kisichogandisha chakula, nilinunua kwenye duka moja mjini kwa bei ambayo sitaki hata kuikumbuka, kimevaa rangi nzuri nyekundu nje. Mdogo wangu akaleta kipimajoto cha kupikia tukakaa nacho jikoni. Mafuta yalikuwa kwenye 170, nikatumbukiza madonge sita, yakashuka mpaka 135 na yakagoma kupanda hadi nilipoongeza gesi yote, na yalipopanda yakapitiliza. Sasa donge likiwa kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, mvuke unatoka kwa nguvu unayasukuma mafuta nje, ndo ule mchemko wa vipovu vidogovidogo unaouona pembeni. Mafuta yakipoa mvuke unalegea, mafuta yanaingia. Kikaango chepesi hakina akiba ya joto, ukiweka kitu cha baridi kinakufa palepale. Ukitaka kukaangia moto mdogo huku milimani unahitaji chombo kisichoyumba, yani kizito.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mwanjelwa. Nilizunguka sana. Kuna yale makarai ya aluminiamu mazito yanayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, ni mazito kweli na bei yake iko chini, ila hayo sikuyataka na sitamshauri mtu, maana watafiti wamepima vyombo vya aina hiyo kutoka nchi kadhaa za Afrika wakakuta vinaachia madini ya risasi kwenye chakula, huwezi kujua kule kwenye kuyeyusha kimeingia nini, betri, rejeta ya gari, chochote. Mimi nina mtoto wa miaka mitatu. Nikasema la chuma au nirudi nyumbani.

Mzee niliyelipata kwake nilimwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka la kukaangia ndizi. Hakunipa lile la juu lililopangwa likang'aa. Alichukua moja akaligonga kwa ufunguo, likalia ngee, akachukua jingine likalia ta, akasema hili limeungwa, chukua hilo linalolia. Alafu akamimina maji ndani akanikabidhi nilishike nitazame chini kwenye ribiti kama kuna tone. Nilimpenda hapohapo, kwa sababu karai la kwanza kabisa nililowahi kununua, kwa fundi mwingine sehemu nyingine, lilikuwa linavuja kwenye ribiti, mafuta yanadondokea kwenye moto tone tone mpaka siku moja moto ukapanda mguu wa jiko nikiwa na mtoto mgongoni. Nililirudisha akaniambia mali ikishatoka haijarudi. Kwaiyo ukienda kununua, popote pale, maji kwanza. Ukikataliwa kujaribu na maji ondoka.

Siku ya kwanza usikaangie. Linakuja limepakwa grisi ya kuzuia kutu, nililisugua na maji ya moto, sabuni na majivu mpaka maji yakatoka masafi, nikalikausha motoni, nikalipaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, kidogo sana, kama unapaka mtoto usoni, nikaliacha kwenye jiko la mkaa nje mpaka likaacha kutoa moshi. Nikarudia mara tatu. Alizeti ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu ikipata moto inakauka inakuwa ngumu kama vanishi, ndo hiyo inayozuia vitu kuganda na kutu kuingia. Rangi ya chuma ikatoka kwenye kijivu ikaenda kahawia alafu nyeusi. Sasa hivi ni jeusi tii, linang'aa, donge likigusa chini linateleza lenyewe.

Tukaweka kipimajoto tena. Mafuta 165, madonge sita, yakashuka mpaka 150, baada ya dakika moja na ushee yakawa yamerudi na sikugusa gesi. Dakika tano, nikigeuza mara mbili. Nilipasua la kwanza kwa mkono, mvuke ukatoka na harufu ya iliki, ndani pameiva pote, hakuna unga unaong'aa, rangi ya dhahabu iliyokolea, vinyuzi vyeusi vya ndizi vinaonekana. Vidole vilikuwa vikavu. Nilikaa kwenye kigoda nikawa nalitazama tu hilo donge, mwaka mzima nimelitafuta.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni mafuta kutumika machache. Kile kikaango cha chini bapa lazima ukijaze ili madonge yaelee, nilikuwa namwaga zaidi ya lita mbili. Hili kwa sababu ni mviringo, lita moja na nusu tu inafika vidole vitatu pale katikati panapokaangwa. Kwa bei za mafuta za sasa hiyo sio ndogo.

Mafuta yenyewe sasa, maana wengi huku tunanunua alizeti ya kukamuliwa mashineni, ya kwenye chupa za maji zile za lita moja. Tamu sana kwenye mboga. Kwenye kukaanga ukiyamwaga yakapata moto tu yanafura povu, siku ya kwanza lilinipandia hadi mdomoni nikazima gesi haraka, kwa sababu hayajasafishwa, yana unyevu na utomvu wa mbegu bado umo, na yanaanza kutoa moshi mapema. Nimejifunza kuyachemsha kwanza taratibu moto mdogo mpaka povu life, nikayapooza nikayachuja. Ila kusema ukweli kwa zitumbuwa natumia alizeti iliyosafishwa kiwandani, ile nyeupe, ya mashine naiacha kwa ajili ya maharage na majani ya maboga.

Ndizi. Hapa nisipite haraka maana karai zuri haliokoi ndizi mbaya. Mimi nataka kisukari, zile ndogo za ganda jembamba, iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi, ila isiwe imefika kulegea yote. Karibu wanga wote umeshageuka sukari hapo, kwaiyo sukari ya kuongeza ni kijiko kimoja tu cha chakula au uache kabisa, ukiweka nyingi zinaungua nje tu haraka, huku kwetu tayari nje panatangulia. Malindi inafaa pia. Mzuzu mimi naukata vipande virefu naukaanga mtupu, kuuponda ni kuuonea. Nanunua soko la Soweto hapa Mbeya au nikipita Uyole kwa akina mama wanaoshusha kutoka Rungwe, matoki ya kupika upande huu, mbivu upande ule, na bei ya Kiwira ukipita barabarani ni chini zaidi ukiwa na usafiri wako.

Tatizo letu la Mbeya ni Juni na Julai. Ndizi haipendi baridi chini ya nyuzi 13, na usiku wa Juni huku unajua wenyewe, ukiacha ndizi kwenye sakafu ya stoo asubuhi ganda limekuwa la kijivu chafu kama limechomwa, unadhani imeiva, ukimenya ndani ngumu na haina utamu, na haitakuja kuiva vizuri tena. Nilitupa chane nzima mwaka jana nikidhani muuzaji kanidanganya, kumbe ni sakafu yangu. Siku hizi nazifunga kwenye kanga pamoja na parachichi moja lililoanza kulainika, naweka kwenye boksi kwenye chumba chenye jiko, siku tatu nne zinakuwa tayari. Friji usiiguse.

Vipimo vyangu baada ya kuhangaika ndo hivi: ndizi kisukari sita mpaka saba, unazimenya unaziponda kwa mkono sio kwa mashine, vibonge vidogo vibaki. Unga wa mahindi kikombe kimoja cha chai, ule wa sembe laini, na robo kikombe ya unga wa mchele. Huo mchele ni wangu mwenyewe, mama mdogo hauweki, ila mchele wa Kyela ukiusaga unaleta ukakamavu nje ambao unakaa hata zikipoa. Chumvi kiasi cha vidole viwili, iliki, na bekingi pauda robo kijiko cha chai, robo tu, watu wa chini wanaweka nusu lakini huku hewa ni nyepesi kitu kinaumuka kuliko kawaida kinapasuka kinaingiza mafuta. Maziwa au maji vijiko viwili vitatu kutegemea na ndizi. Alafu acha mchanganyiko ukae dakika ishirini, usiruke hapo, unga wa mahindi unatakiwa unywe maji kwanza, ukikaanga palepale unatafuna mchanga.

Kama hauna kipimajoto chovya ncha ya mwiko wa mbao kwenye mafuta, vipovu vikizunguka ncha taratibu na kwa mfululizo pako sawa, vikiruka kwa fujo punguza moto. Au dondosha tone la mchanganyiko, lizame kidogo, lipande bila haraka. Na zikitoka usizirundike kwenye bakuli lenye karatasi. Mafuta mengi yanaingia zikiwa zimeshatoka, pale zinapopoa mvuke ukikata yale yaliyobaki juu yanavutwa ndani. Zikung'ute juu ya karai, ziweke kwenye chujio la waya zipumue.

Sasa mabaya yake, yapo. Chini mviringo halikai kwenye jiko la gesi la sahani mbili, linayumba, na mafuta ya moto yanayoyumba sio jambo la kuvumilia. Mimi naliweka kwenye jiko la mtungi mdogo wa kilo sita ambalo lina pembe tatu za kulishika, au jiko la mkaa ambako linakaa kama limezaliwa hapo. Kama nyumbani una jiko la sahani tu, nunua na kile kipete cha chuma cha kukalia karai, na kama hukipati usinunue hili. Linachelewa kupata moto, dakika kumi na kitu wakati chepesi ni nne tano, asubuhi ya shule sio chombo chake. Mishikio inaungua, lazima vitambaa viwili. Kulinyanyua na mafuta ndani haiwezekani kwa mkono mmoja, mama mtu mzima au mwenye mgongo atapata taabu, subiri yapoe uchote kwa upawa.

Na kutu. Binti anayenisaidia aliliosha na sabuni akaliacha na maji usiku, wiki ya tatu hiyo, asubuhi lote la rangi ya chungwa. Sikumlaumu, sikuwa nimemwambia. Nililisugua na steluwaya, nikalipaka mafuta nikalichoma upya, likarudi. Sasa hivi tunalifuta na karatasi, likinata tunaweka chumvi kavu tunasugua na kitambaa, tunalipasha kidogo, tunalipaka mafuta kiduchu, tunalining'iniza. Ukiwa na watu wengi jikoni waambie wote.

Kama ni la kupikia nyanya au kitu chenye ndimu pia sio lenyewe, nilijaribu rosti mara moja ikatoka nyeusi ina ladha ya msumari.

Kwa kukaanga, kwa sisi wa huku juu, Mbeya, Makete, Njombe, hata Iringa ambako ni kama mita 1,550, nalipa alama tisa kwenye kumi. Moja nimeikata kwa kuyumba.

Mama mdogo alipanda mwezi uliopita kutoka Kyela kuja hospitali, akalala kwangu. Asubuhi nikamkaangia nikamwekea na chai ya Rungwe ya maziwa. Ugonile, akanisalimia, akakaa, akala ya kwanza kimya, akala ya pili, akauliza umeweka mchele? Nikasema ndiyo mama. Akala ya tatu. Alafu akanyanyuka akaenda jikoni, akalishika karai kwa mikono miwili akalipima uzito, akaligeuza akaangalia ribiti chini, akaniuliza wanauza wapi. Kwake ana lile jepesi la siku zote na Kyela linamtosha, nilimwambia hivyo, akasema hajauliza kama linamtosha. Kwaiyo Jumamosi hii nimerudi kwa yule mzee, kanipigia matatu kwa ufunguo nikachagua, 27,000 safari hii, na kesho asubuhi nalipeleka stendi kwenye kosta ya Kyela.